Riwaya za Nyambizi na Swali la Waliomo Majini

Mwanzoni mwa Februari 1944 meli ya Khedive Ismail ilitoka Kilindini kwenda Colombo ikiwa na watu 1,511. Karibu elfu moja kati yao walikuwa wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Wengine walikuwa mabaharia, wauguzi na wanawake waliolitumikia jeshi la majini la Uingereza. Tarehe 12 mwezi huo, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga meli hiyo topido mbili, nayo ikazama kwa dakika mbili tatu. Waliokufa ni 1,297. Meli za Washirika zilizozama na roho nyingi kiasi hicho katika vita vya pili vya dunia ni za kuhesabika, na hii ilipita mkondo uleule unaotenganisha Likoni na kisiwa cha Mombasa.

Nimeanza na meli hii kwa sababu ya barua ninazopata kutoka kwa wasomaji wa ng'ambo, yaani Likoni, Kisauni na Changamwe, wanaotaka kuanzisha klabu ya vitabu na kusoma riwaya za vita vya baharini. Wengi wao wana baba, mjomba au kaka aliyefanya kazi melini au bandarini, na hadithi za nyambizi zinawavutia. Nawaunga mkono. Ushauri wangu ni mmoja, na yaliyobaki yote yanatoka humo: kila kitabu mtakachosoma, ulizeni ni nani walio majini, na ni nani anayewaamulia. Riwaya hizi kwa kawaida huandikwa kutoka kwenye daraja la nahodha. Sisi tuzisome tukiwa pia na jicho la aliye ngamani na la anayeogelea.

Anzeni na bandari yenu

Kikao cha kwanza kisiwe na riwaya. Mtu mmoja aandae kurasa mbili za historia azisome kwa sauti, wengine waulize maswali. Mambo yenyewe yapo tele. Aprili 1942, baada ya Wajapani kuishambulia Ceylon, kundi la manowari za Uingereza la Mashariki, chini ya Amirali James Somerville, lilihamishia makao yake Kilindini. Wavunja siri wake walipewa majengo ya Shule ya Allidina Visram, na kufikia Novemba 1942 walikuwa wameshaifungua JN-40, lugha ya fumbo iliyotumiwa na meli za mizigo za Japani. Ndege za Catalina, zile zinazotua majini, ziliruka kutoka Kipevu kusaka nyambizi. Na nyambizi zilikuwepo kweli: Juni na Julai 1942 zile za Kijapani zilizamisha meli zaidi ya 20 katika mlango bahari wa Msumbiji.

Kikao hiki kina kazi yake. Mtu wa Changamwe anaijua Kipevu kwa gati ya mafuta na mitambo ya umeme. Akishajua kwamba palepale palikuwa na marubani waliokesha wakitazama maji, hatafungua riwaya ya Atlantiki kama anayesoma habari za sayari nyingine. Atakuwa na mahali pa kusimama.

Vitabu vya mwaka wa kwanza

Msichague vitabu kumi. Vinne vinatosha mwaka mzima, na mpangilio wake una maana.

Cha kwanza kiwe The African Queen cha C. S. Forester, kilichotoka 1935. Ni kifupi, Kiingereza chake si kigumu, na mambo yake yanatokea kwetu Afrika Mashariki wakati wa vita vya kwanza vya dunia. Nyuma yake kuna kisa cha kweli cha mashua mbili za Waingereza, Mimi na Toutou, zilizokokotwa nchi kavu mpaka Ziwa Tanganyika mwaka 1915 ili kupambana na Wajerumani. Meli ya Kijerumani Graf von Götzen ilizamishwa na mabaharia wake wenyewe 1916, ikaja kuopolewa, na ndiyo iliyogeuka kuwa Liemba, jina linalojulikana na kila aliyewahi kufika Kigoma. Mkikisoma, wahesabuni Waafrika wanaozungumza humo. Hesabu hiyo peke yake itawapa mazungumzo ya jioni nzima.

Cha pili ni The Cruel Sea cha Nicholas Monsarrat, cha 1951. Mwandishi mwenyewe alitumikia manowari ndogo zilizolinda misafara ya meli za mizigo, na jambo hilo linaonekana katika kila ukurasa: baridi, nguo mbichi, usingizi wa kuibia, chakula kinachomwagika. Nahodha wake, Ericson, ametoka meli za biashara, kwa hiyo watu wa baharini kwetu watamtambua upesi.

Cha tatu ni Das Boot cha Lothar-Günther Buchheim, cha 1973, kinachopatikana kwa tafsiri ya Kiingereza. Buchheim alisafiri ndani ya nyambizi U-96 mwaka 1941 akiwa mwandishi wa habari za vita. Kitabu hiki kinawahamisha upande: sasa mko ndani ya kile chombo mlichokiogopa katika kitabu kilichotangulia. Kisomwe baada ya Monsarrat, kamwe si kabla yake, ili huruma ya msomaji ijaribiwe.

Cha nne ni Run Silent, Run Deep cha Edward L. Beach, cha 1955, kilichoandikwa na ofisa wa nyambizi wa Kimarekani aliyepigana Pasifiki. Anayemaliza mapema na kutaka zaidi, mpeni HMS Ulysses cha Alistair MacLean, cha mwaka huohuo, juu ya misafara ya bahari ya barafu.

Nje ya hivyo vinne, kwa Kiswahili msikose viwili. Shaaban Robert alivitungia vita vile utenzi mrefu, Utenzi wa Vita vya Uhuru, na ni vizuri kila kikao kifunguliwe kwa beti chache zake zikighaniwa na anayejua mahadhi. Kisha kuna Kuli, riwaya ya Shafi Adam Shafi ya 1979, inayohusu wapagazi wa bandari ya Zanzibar na mgomo wao wa 1948. Haina nyambizi hata moja. Ina kile ambacho riwaya za Wazungu zimekiruka: mikono iliyopakia na kupakua zile meli.

Namna ya kuendesha kikao

Ng'ambo zetu tatu hazipakani kwa urahisi. Mtu wa Likoni akitaka kufika Kisauni avuke feri, akate kisiwa, kisha avuke daraja la Nyali. Wa Changamwe naye apite Makupa. Mkipanga kukutana pamoja kila wiki, klabu itakufa kabla ya kitabu cha kwanza kuisha. Bora kila ng'ambo iwe na kundi lake la watu wanane hadi kumi na wawili, likutane kila baada ya wiki mbili karibu na nyumbani, na makundi yote yakutane kisiwani mara moja kila baada ya miezi mitatu. Jumamosi au Jumapili baada ya Alasiri ni wakati mzuri: mnamaliza kabla ya Maghrib, kina mama wanarudi mapema, na wa Likoni hawakutani na msongamano wa feri wa jioni za siku za kazi.

Nakala ni tatizo la kweli. Vitabu hivi ni vya zamani, kwa hiyo anzeni kwa wauza vitabu vya mitumba na maktaba za umma kabla ya kununua vipya. Nakala tatu zinatosha watu kumi mkizizungusha kwa zamu ya siku nne nne. Msitoe kopi kitabu kizima: Monsarrat, Buchheim na Beach bado wanalindwa na sheria ya hakimiliki. Kila mwezi kila mtu atoe kidogo, mweka hazina aandike daftarini, na vitabu vibaki mali ya klabu.

Lugha isiwe ukuta. Katika kila kundi atakuwepo mzee aliyezunguka bandari nyingi za dunia lakini hasomi riwaya ya Kiingereza ya kurasa mia nne. Msimwache nje, kwa maana huyo ndiye mtakayemhitaji kuliko wote. Mteueni msimulizi wa zamu. Kazi yake ni kusoma sura mbili nyumbani, kisha kuzisimulia kwa Kiswahili kwa dakika ishirini, halafu kusoma ukurasa mmoja tu kwa lugha ya kitabu na kuufasiri hapohapo. Wanachama wakibishana kuhusu tafsiri, waacheni wabishane. Huko nako ni kusoma. Msimulizi asiruke mambo ya ufundi kwa kisingizio kwamba ni magumu. Asipoyaelewa, aulize.

Wa kumwuliza mnaye. Katika Das Boot nyambizi inapigwa, inazama mpaka chini, na maji yanaingia. Mhandisi na vijana wake wanahangaika na betri, pampu na mabomba gizani huku hewa ikipungua. Msomaji wa kawaida hapo hushika roho na kungoja. Fundi aliyefanya kazi chumba cha injini atawaeleza kwa nini maji ya chumvi yakigusa betri hewa inageuka sumu, kwa nini maji yanahamishwa kutoka tangi hadi tangi ili chombo kikae sawa, na kwa nini mtu mmoja mtulivu kwenye pampu ana thamani kuliko maofisa watano. Mtongwe kuna kambi ya jeshi letu la majini, na wastaafu wake wanaishi mitaani kwenu. Mwalikeni mmoja. Msimwulize siri za kazi. Mwulizeni saa sita za zamu zilivyo, kelele zilivyo, na mtu hulalaje kwenye kitanda ambacho mwenzake ametoka sasa hivi. Mpishi wa melini naye aalikwe. Riwaya hizi zimejaa chakula, na mpishi anaona mengi ambayo nahodha haambiwi.

Kikao chenyewe

Sasa tufike kwenye kiini. Kuna sura katika The Cruel Sea ambayo inataka kikao kizima, na msiichanganye na jambo lingine lolote siku hiyo. Meli imezamishwa, watu wanaogelea wakingoja kuokolewa. Manowari ya Ericson inakaribia, nao wanafurahi. Wakati huohuo mitambo ya kusikiliza inatoa ishara kwamba nyambizi iko chini yao hasa. Akitupa mabomu ya kulipukia chini ya maji, atawaua waogeleaji. Akiacha, nyambizi itaondoka ikazamishe meli nyingine kesho.

Msimulizi asimame hapo hapo. Kila mtu apewe kikaratasi, aandike mstari mmoja: ningefanya nini? Vikaratasi vikusanywe bila majina. Kisha sura imaliziwe. Ericson anatupa mabomu, watu wanakufa, na hakuna dalili yoyote inayoibuka kuthibitisha kwamba nyambizi ilikuwepo. Vikaratasi visomwe kwa sauti.

Baada ya chai na mahamri, rudini kwenye Khedive Ismail, maana jambo lilelile lilitokea kwa kweli. Msafara ulikuwa na manowari kubwa Hawkins na manowari za ulinzi Paladin na Petard. Meli ilipozama, I-27 ilijificha chini ya manusura waliokuwa wakielea. Petard ilitupa mabomu huku watu wangali majini, wakiwemo askari wetu. Baadaye nyambizi ililazimika kuibuka, Paladin ikapasuka ubavu katika kuikabili, na mwishowe topido ya saba ya Petard ndiyo iliyoimaliza.

Hapa ndipo klabu nyingi huteleza. Mtu atasema: Petard ilikuwa na haki kwa sababu nyambizi ilikuwepo, Ericson alikosea kwa sababu haikuonekana. Msikubali jibu hilo lipite hivihivi. Wote wawili walitenda tendo moja kwa ujuzi wa namna moja, na hakuna aliyejua matokeo wakati wa kutoa amri. Kama tendo lilikuwa halali Maldivi, kwa nini liwe haramu kwa Ericson? Na kama lilikuwa haramu, ushindi wa baadaye unalisafishaje? Kiongozi wa kikao auweke ubishi kwenye maswali matatu: nahodha alijua nini dakika ile? Nani aliweza kuziona nyuso za waliokuwa majini? Na baadaye, ndugu zao walielezwa nini?

Swali la tatu ndilo linalotugusa sisi. Monsarrat anampa Ericson kurasa za majuto; tunaona machozi yake na ulevi wake. Waliokufa wanabaki bila majina. Askari wa kikosi cha 301 majina yao yapo kwenye mnara wa kumbukumbu wa Afrika Mashariki katika makaburi ya vita ya Nairobi, na kisa chao kimeandikiwa kitabu cha historia, Passage to Destiny cha Brian James Crabb. Riwaya inayowapa askari hao kurasa kama zile za Ericson bado tunaingoja.

Miezi itakapofika kwenye kitabu cha Beach, swali litarudi kwa sura kali zaidi. Richardson, kamanda wa nyambizi ya Kimarekani, anazigonga kwa makusudi mashua za kuokoa maisha za adui aliyemsumbua, kwa hoja kwamba mabaharia wale hodari wakifika pwani watarudi baharini kumwua yeye na wenzake. Kwa upande wa pili wekeni kisa cha kweli cha Laconia. Tarehe 12 Septemba 1942 nyambizi ya Kijerumani U-156 iliizamisha meli hiyo mbali na pwani ya Afrika Magharibi. Kamanda Hartenstein alipogundua kwamba imejaa mateka wa Kiitaliano na raia, alianza kuwaokoa, akatangaza redioni, akatandaza bendera ya msalaba mwekundu. Ndege ya Kimarekani ikamshambulia hivyohivyo. Mkuu wa nyambizi za Ujerumani, Dönitz, akatoa amri ya kukataza uokoaji. Mkiwa na makamanda wanne mbele yenu, Ericson na Richardson wa riwaya, Hartenstein na yule wa Petard wa kweli, mtapata mjadala ambao hauegemei bendera.

Penye msiba, pitieni taratibu

Likoni haisomi habari za kuzama kama inavyosomwa Nairobi. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka na watu 272 wakafa. Katika kundi lolote la watu kumi wa upande ule kuna uwezekano mkubwa wa kumkuta aliyepoteza jamaa, shemeji au rafiki wa shule. Kwa hiyo mwenyekiti aseme wiki mbili kabla kwamba kikao kijacho kina kifo cha majini. Anayetaka kukosa akose bila kuulizwa sababu. Anayekuja akatamani kusimulia yake, kitabu kifungwe, asikilizwe mpaka amalize, na dua isomwe. Msimlinganishe na mhusika wa riwaya. Mjadala wa kitabu unaweza kungoja wiki mbili.

Vilevile jiandaeni kwa maneno ya dharau. Vitabu hivi viliandikwa na watu wa zama zao, na mtu mweusi, Mhindi au Mjapani huenda akatajwa kwa lugha ya kuudhi. Msiyafute maneno hayo wala msiyapite kwa haraka. Msimulizi ayatamke mara moja, aseme ni ya nani, mhusika au mwandishi, kisha kikao kiamue kama kitabu kinastahili kuendelea. Kukiacha kitabu katikati kwa sababu iliyojadiliwa ni uamuzi wa msomaji kamili.

Filamu na ziara

Vijana watataka filamu. Watazame, baada ya kusoma. The Cruel Sea ilitengenezwa 1953, Das Boot 1981, na zote mbili zinaheshimu vitabu vyake. U-571 ya mwaka 2000 ifanyeni zoezi la kusaka uongo. Inawaonyesha Wamarekani wakinyakua mashine ya siri ya Kijerumani ndani ya nyambizi. Historia inasema Waingereza wa manowari Bulldog waliitwaa mashine kama hiyo ndani ya U-110, Mei 1941, kabla Marekani haijaingia vitani. Na tarehe 30 Oktoba 1942 mabaharia wawili wa Petard, Fasson na Grazier, walikufa ndani ya U-559 wakitoa nyaraka za siri. Petard hiyohiyo ndiyo mliyokutana nayo Maldivi. Mwanafunzi wa sekondari akiunganisha mambo hayo mawili peke yake, mpeni kiti cha msimulizi wa mwezi ujao.

Kwa kikao cha pamoja, nendeni Fort Jesus. Wengi wetu tumepapita mara nyingi bila kuitazama mizinga miwili ya vita vya kwanza: mmoja wa Pegasus, manowari ya Kiingereza iliyozamishwa Unguja tarehe 20 Septemba 1914, na mmoja wa Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyoizamisha, nayo ikafia mtoni Rufiji Julai 1915. Ndani ya jumba la makumbusho mna pia vitu vilivyoopolewa kutoka Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697. Msimulizi wa siku hiyo asimame kati ya ile mizinga miwili, asome sura moja ya kitabu mlicho nacho.

Kazi ya kufungia mwaka

Mwisho wa mwaka kila mwanachama aandike ukurasa mmoja wa kubuni, kwa Kiswahili, akiwa ndani ya Khedive Ismail: mpiga mizinga anayeandika barua nyumbani, muuguzi anayejifunza maneno ya Kiswahili, mtu wa jikoni anayesikia mlipuko wa kwanza. Tarehe, majina ya meli na mwendo wa msafara visiguswe. Mengine yote ni huru. Msiandike kutoka daraja la nahodha, kwa kuwa huko wameshaandika wengi. Kurasa hizo zichapwe, zifungwe pamoja, na nakala moja moja ipelekwe maktaba za shule za Likoni, Kisauni na Changamwe. Mkianza mwezi wa Februari, zitakuwa tayari kabla ya Februari ya mwakani kuisha.